Pua ya Gari la Baba

Zama zetu, sisi tuliolelewa Wawi, Ijumaa asubuhi ilikuwa na harufu tatu: karafuu zilizoanikwa uani, muhogo wa nazi uliotokota jikoni, na mafuta ya taa mikononi mwa baba. Wenzangu walipokuwa wakicheza nage, mimi nilisimama juu ya kigoda mbele ya pikapu yake, boneti limefunuliwa, nikimshikia nati. Wa rika langu hawajalisahau vumbi jekundu la barabara za wakati ule, lililotua hata juu ya kope.

Kazi yenyewe, ya kila Ijumaa, siku ambayo pikapu haikutoka, ilikuwa na utaratibu usiobadilika. Baba alifunua kopo la duara lililokaa juu ya injini, akatoa chujio la hewa, ambalo mafundi waliliita ekilina, akaligonga taratibu kiganjani hadi vumbi likome kudondoka. Halikuoshwa, kwa kuwa lilikuwa la karatasi. Kisha alilifuta kopo kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, akapitisha kidole ndani, akakitazama. Kikitoka na weusi, alianza upya.

"Gari halifi kwa njaa ya petroli, Mize," aliniambia kila juma, kana kwamba sijapata kuyasikia. "Hufa kwa pua iliyoziba. Na pua nayo yataka twahara."

Mwaka huo nilikuwa chuoni nikifundishwa udhu, na maalim wetu alikuwa mkali katika suala la pua: maji yapandishwe mara tatu, yasipungue. Ijumaa moja jirani alimwita baba kabla hajalirudisha chujio. "Malizia, mwanangu, kazi waijua," akasema, akaondoka. Nililifuta kopo, kidole kikatoka safi. Lakini katikati ya kopo niliona tundu la kupitishia hewa kwenda kwenye kabureta. Hiyo ndiyo pua hasa, nikawaza, na hakuna aliyeiosha. Nilichota maji mtungini, nikaitia viganja vitatu, kwa nia njema na hesabu sahihi. Nikarudisha chujio, nikakaza nati, nikaenda kucheza nage.

Jioni ile alikuja kulala kwetu Shangazi Bi Time, dada yake baba, ili asubuhi apelekwe bandarini Mkoani, apande meli ya Unguja akatibiwe macho. Tulipokuwa tukila, baba alimsimulia habari za dereva aliyeingia kwenye maji ya mvua. "Gari likavuta maji kwa pua. Alipowasha, vyuma vya ndani vikapinda. Mpaka leo kuku wanatagia mle." Tonge nikalirudisha sahanini. Pikapu ile ndiyo iliyotulisha sote. Nikanawa mikono, nikaenda kulala.

Asubuhi shangazi alikaa mbele, buibui limenyooka, kikapu mapajani. Baba akatia ufunguo, akapiga bismillahi.

"Baba, usiwashe."

"Kuna nini?"

"Nimelitia udhu."

Akanigeukia taratibu. "Umelitia udhu wapi?"

"Puani. Mara tatu."

Shangazi ndiye aliyedakia. "Basi langoja nini? Si liswali, lende zake." Kisha akaniinamia dirishani. "Na miguu je, uliliosha?"

"Sikuliosha."

"Udhu haujatimia huo."

Baba alichomoa ufunguo. Alifungua kopo, akayaona maji, akaikausha kabureta, akatoa plagi zote ili maji yapate pa kutokea. Alipozungusha injini kwa mkono, maji yakaruka kama chafya na kumrowesha kifuani. Alipovirudisha vyote mahali pake, pikapu ilikohoa, ikatoa moshi, kisha ikanguruma kwa utulivu. Walifika Mkoani abiria wa mwisho wakipanda. Shangazi aliporudi anaona vyema, alinivuta karibu, akanikagua uso mzima. "Kumbe ndiye huyu mtia magari udhu."

Adhabu sikupewa. Nilipewa kitambaa. "Ijumaa sasa ni zako," baba alisema. "Aliyesema kabla ya ufunguo kuzungushwa, nitamwamini na injini. Ila maji uyaache mtungini." Tangu hapo, kila nilipomaliza nilimwinulia kidole, naye akakitazama.

Leo barabara ina lami, na shangazi ni mimi. Mpwa wangu Nasoro ana gari zuri. Huliosha kwa povu, hulitia manukato, hulipiga picha pande zote nne. Boneti halifunui. "Shangazi, likichoka, taa itawaka," huniambia kwa upole wa mtu anayemsomesha mzee. Ijumaa iliyopita, alipokuwa akijipiga picha mlangoni, nilifunua mwenyewe. Siku hizi kopo limekuwa sanduku la plastiki, na ndani yake nilikuta panzi mkavu na makonyo mawili, vijiti vikavu vya karafuu. Simcheki sana; sisi hatukuwa na taa, tulikuwa na baba.

Niligonga chujio kiganjani, nikafuta sanduku, nikapitisha kidole. Kilitoka safi. Nikakiinua juu, kama nilivyozoea, kabla ya kukumbuka kwamba aliyekuwa akikitazama hayupo.