Siku Niliyopasha Misuli Bure

Nilicheza beki wa kati miaka kumi na mmoja, mpaka goti likanirudisha kwetu Urambo kulima tumbaku. Hadi leo nikisikia mpira redioni, miguu hunicheza yenyewe. Juzi kocha mmoja wa Tabora mjini, niliyewahi kucheza naye, akanipigia simu. “Kaka, njoo kesho. Beki yangu inavuja.”

Sikuuliza zaidi. Nilisugua viatu vyangu vya mpira, nikapanda basi la kwanza, na nilipofika uwanjani nikajiunga na wachezaji kupasha misuli. Furaha ile nilikuwa nimeisahau.

Kocha akanishika bega. “Kaka,” akasema taratibu, timu nzima ikisikia, “nilikuita uwafundishe hawa kukaba.”

Mimi nilikuwa nimeshavaa vikinga ugoko.