Kiziwi wa Kizimbani

Huletwa mahakamani hapa Sarajevo kwa kiti cha magurudumu, huyu aliyekuwa mkuu wa walinzi katika kambi ya wafungwa wakati wa vita, amefunikwa blanketi hadi kifuani kama mzazi wa jana. Wakili wake anasema ni kiziwi, hawezi kufuata kesi, aachiwe. Akiulizwa jina, hukinga sikio kwa kiganja na kutabasamu kwa upole. Lakini maji yakimiminwa nyuma yake, mkono huwahi glasi. Mimi hukaa mbele, roho juu: akiachiwa, nani atajibia kifo cha mwanangu Nedim, aliyefia kambini mle?

Jana jirani yetu Ferid, aliyetoka kambini hai, alitoa ushahidi. "Alituimbisha, na aliyekosea alipigwa."

"Mliimbaje, bwana Ferid?" jaji akauliza.

Ferid akainamisha kichwa, mikono nyuma, akaimba kama walivyofundishwa. Chini ya blanketi, mguu wa kiziwi ukaanza kufuata mdundo. Kwenye ubeti wa pili Ferid akasita.

"Umeruka mstari, mpumbavu wewe," kiziwi akafoka. "Rudia mwanzo."

Ferid akainua kichwa. "Mheshimiwa, ndio mstari alioukosea Nedim."

Kiziwi akakinga sikio kwa kiganja. "Ati anasemaje?"