Ua la Kike la Mmea wa Nne

Msimu huo nilikuwa mshika kibano wa daktari, na sijawahi kuwa na cheo kikubwa kuliko hicho. Daktari mwenyewe hatibu watu, anasoma malenge. Alipanda shamba zima huku Kalama ili ajue ni jeni zipi zinafanya kazi kwenye mzizi, jani, ua na tunda, tangu mche hadi lenge likomae. Alinieleza hivi: kila sehemu ya mmea iko na kitabu kilekile, lakini jani linasoma ukurasa wake na ua linasoma wake. Ukikata, mmea unashtuka na kuanza kufungua kurasa zingine. Kwa hiyo ukikata, hesabu kumi tu, uwe umetumbukiza kwenye tangi la baridi kali.

Nilikuwa nimeshapoteza mzizi mmoja nikifukuza mbuzi. Daktari alisema nikipoteza kitu kingine niende nyumbani nikamchunge huyo mbuzi. Na mimi niko na ndoto ya kuvaa koti jeupe.

Asubuhi hiyo ua la mwisho la kike la mmea wa nne likachanua. Nikakata. Moja, mbili...

"Wakya?"

Salamu hiyo ya asubuhi ilitoka kwa susu, nyanya wa jirani, amesimama katikati ya njia, mkono ameunyoosha. Kwetu humpiti nyanya bila kumpa mkono, tena wa kulia, na wa kulia ndio ulikuwa na kibano na ua.

"Aa, susu," nikaitikia. Tano, sita. Nikanyoosha kibano nikidhani ataelewa.

Akalichukua ua. "Woi! Mimi? Tangu tumzike mzee hakuna mtu ameniletea ua!"

"Susu, hilo ni la..."

Akalichomeka kwenye kitambaa cha kichwa, akacheka mpaka machozi. Nikafika kumi. Nikafika mia. Nani angelichomoa?

Daktari alipokuja nikamwambia yote.

"Umempa nyanya sampuli yangu?"

"Alifurahi sana, daktari."

"Ngoja nikamweleze kazi yetu ni nini."

Aliondoka saa nne akiwa amefura. Nikakunja sweta yangu, nikamwaga chai, nikangoja kufutwa. Alirudi saa nane na kikapu cha mbaazi, ameshiba muthokoi, na amealikwa harusi ya mjukuu.

Akafungua daftari, akaandika: "Halikupatikana." Penye sababu akakaa sana, kisha akaandika: "Hali ya eneo."

Akanirudishia kibano. "Twende mmea wa tano. Na ukimwona anakuja, kimbia."

"Na wewe?"

"Mimi nitakuwa mbele yako."