Patroba wa London na Basi la Jumanne

Patroba alikuwa na London yake jinsi wengine walivyo na kisukari: ukikaa naye dakika kumi, lazima utaambiwa. Ukimpa chai, ya London ilikuwa na rangi zaidi. Ukilalamika joto la Texas, yeye alikuwa anavaa koti mwezi wa saba. Miaka tisa yuko Euless, mji mdogo pembeni ya Dallas, anafanya unesi mji wa jirani wa Grand Prairie, na bado kanisani wanamwita Patroba wa London. Jina hilo lilimpa kiti cha mbele kwenye kila harusi na maikrofoni kwenye kila harambee.

Sasa tuseme ukweli. London aliiona kupitia dirisha la ndege. Miaka yake sita ya Uingereza aliimalizia Wendlethorpe, kijiji cha barabara moja, kanisa la mawe lenye waumini kumi na mmoja, baa moja, na kibanda cha simu kilichojazwa vitabu kwa sababu hakuna mtu wa kupigia. Kila upande ni kabichi mpaka macho yachoke. Alikuwa anatunza wazee huko. Mama yake alipouliza kwa simu yuko wapi, akasema London, maana kueleza Wendlethorpe kungemaliza vocha. Baadaye mdomo ukazoea. Hata Immaculate, mke wake, aliyekutana naye hapa Texas, aliolewa na London.

Jumapili moja baada ya ibada, Wawira aliwaita watu kwake Irving, mji mwingine wa pembeni ya Dallas, kumuaga binti yake, Kathure, aliyepata kazi Uingereza. Patroba ndiye aliyepangiwa kutoa mawaidha. Alikuwa amejiandaa vizuri: treni za chini ya ardhi, jinsi ya kushika mkoba kwenye umati, mambo makubwa makubwa. Lenny, anayepakia mizigo airport na ambaye mdomo wake haujawahi kwenda likizo, akamkabidhi maikrofoni kama balozi.

Kabla hajafungua mdomo, Kathure akasoma kwenye simu jina la pale anapokwenda. Nyumba ya wazee, Wendlethorpe.

Patroba akarudisha kijiko cha pilau kwenye sahani.

"Uncle, hapo si ni London tu?" Kathure akauliza.

"Ni upande ule," akasema Patroba.

Angeishia hapo na asingejulikana. Simu zilikuwa mifukoni, lakini nani ata-google wakati London yenyewe imekaa pale na sahani? Watu wakatikisa vichwa. Wawira akamshukuru Mungu.

Ndipo Kathure akaeleza mipango yake. Amesha-book chumba mjini, maili kumi na mbili kutoka kazini. Shifti itakuwa inaisha saa tatu usiku, halafu atachukua basi.

Patroba aliijua hiyo barabara. Wiki yake ya kwanza aliitembea kwa miguu kwenye ukungu, mtaro huku na mtaro huku, mpaka lori la viazi likamhurumia. Akatazama viatu vyake. Akamtazama Immaculate. Akaitazama ile maikrofoni.

"Hakuna basi," akasema. "Ni Jumanne na Ijumaa tu, na la mwisho ni saa nane mchana. Dereva akiwa na mafua, basi pia lina mafua."

Lenny akaweka soda chini. "Mzee, basi la kijijini umelijulia wapi, na wewe ni mtu wa London?"

"Kwa sababu ndiko nilikokaa. Miaka sita. London sijawahi kuikanyaga."

Immaculate akageuka akamwangalia kama mtu aliyeletewa parcel ya jirani.

Kwa kuwa aibu ilikuwa imeshaingia na kuketi, Patroba akaendelea. A-cancel hicho chumba, aulize cha juu ya baa, wanapangishaga wafanyakazi. Anunue baiskeli yenye taa. Akiambiwa habari za mvua, aongee mvua, ndiyo salamu yao. Akikuta maboga yameachwa mlangoni, asiogope, si uchawi, ni jirani amempenda lakini anaona haya kusema. Kathure alikuwa anaandika yote. Miaka tisa ya kushika maikrofoni, hakuna aliyewahi kuandika neno la Patroba.

Lenny alicheka mpaka akashika ukuta. "Patroba wa Kabichi," akatangaza, na jina likapita bila kupigiwa kura.

Bado wanacheka, simu ya Wawira ikalia. Video, kutoka Embu. Bibi yake Kathure alitaka kusalimia kila mtu na kujua kila mtu anaishi wapi.

"Dallas, Shosho," akasema Lenny, ambaye amepanga Euless, mlango wa nne kutoka kwa Patroba.

"Sisi wote ni Dallas, Mama," akaongeza Wawira, akiwa sebuleni kwake Irving. Wengine nao Dallas, Dallas, mpaka simu ikamfikia Patroba.

Chumba kizima kikamwangalia.

"Mimi nakaa Euless, Shosho."

Bibi akasogeza uso karibu na simu. "Pole, mwanangu," akasema. "Kaza tu. Nawe siku moja utafika Dallas."