Kaburi Lililoangukia kwa Jirani

Siku ile naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Na kwa kuwa kesho unaanza kazi ya upimaji wa ardhi huko Plano, hebu weka simu chini kidogo unisikilize.

Nilikuwa kijana mwenye kiherehere, kwetu Bungoma, msaidizi wa mpimaji tuliyemwita Mzee Wafula. Hatukuwa na hivi vidude vyenu vya setilaiti. Tulikuwa na meza: ubao juu ya miguu mitatu, karatasi, dira, na rula ya kulengea. Unaisawazisha kwa pima-maji, unalenga kigingi, unachora. Ukihamia kigingi kingine, sharti uzungushe ubao mpaka rula ilenge kule ulikotoka, ndipo uukaze.

Siku hiyo tulizunguka shamba la mjane, Mama Nekesa, tukipima mpaka wake na jirani. Jua lilikuwa kali, njaa inaniuma. Sikulenga nyuma. Nilitegemea dira tu, na hapo pembeni palikuwa na rundo la mabati, nami nilishafundishwa kwamba chuma huvuta sindano ya dira. Niliporudi kigingi cha kwanza, mistari haikukutana, yaani ramani haikufunga. Kwenye karatasi palibaki upenyo mdogo, lakini shambani ule ni hatua nyingi.

"Imefunga?" Mzee Wafula akauliza.

"Imefunga, mzee."

Nikafuta, nikaiunganisha kwa mkono. Uongo mtupu!

Ramani ilipopitishwa, kaburi la mume wa Mama Nekesa likaangukia kwa jirani. Mama wa watu alilia mbele yetu, "Jamani, na bwanangu mmempa jirani?" Sikukiri. Niliogopa kufutwa kazi, basi.

Mwaka juzi, wakati wa mafuriko, tukigawa blanketi kanisani hapa Houston, nesi mmoja anayeishi Stafford, mji wa karibu, alinisalimia vizuri sana. Kumbe ni Nekesa, mtoto wa yule mjane. Nilimwambia yote. Hakufoka.

"So ulijua, Uncle?" akaniuliza. "Mum tulimzika mbali na Daddy. Jirani alikataa."

Akaenda zake. Hajanitafuta tena, na simlaumu. Inaniuma, mwanangu, inaniuma sana.

Basi nakuusia: mistari isipokutana, sema haijakutana, hata bosi akinuna, hata wenzako wakiwa wameshapanda gari. Rudia kupima. Ukifutwa kazi utatafuta nyingine. Mimi sina pa kumpata Mama Nekesa nimwombe msamaha.

Mungu akupe moyo wa kusema "nimekosea" siku ile ile. Nenda, baraka zangu unazo.