Binti wa Bigwa Aliyelinda Mikoko

Jumanne iliyopita, huko Bigwa, Morogoro, chini ya milima ya Uluguru alikozaliwa, tulimzika mwanamke ambaye wengi wenu hamkuwahi kumsikia. Alikuwa ofisa misitu wa serikali, mstaafu, aliyesumbuliwa na moyo kwa muda mrefu. Kati ya waombolezaji walikuwemo wanawake kumi na wawili kutoka kijiji cha pwani, karibu na mahali Mto Ruvu unapoingia baharini. Jirani yangu aliniuliza, "Hawa ni ndugu zake wa upande gani?" Sikuweza kumjibu kwa sentensi moja, ndiyo maana leo namjibu hapa.

Marehemu nilimfahamu miaka ile uchumi ulipofunguliwa. Mitumba ilijaa mtaani Mwembesongo, viwanda vya mji wetu vilianza kufunga milango, na tuliambiwa kila siku kwamba serikali ikae pembeni, soko litajiendesha. Huko pwani lilijiendesha kweli: boriti za mikoko zilipakiwa kwenye malori kwenda kujenga mijini, na ufuko ukabaki mtupu. Yeye alikabidhiwa fungu la serikali la kurudisha mikoko katika kijiji hicho. Wakubwa zake walitaka sehemu kubwa iende kwenye semina. Alikataa. Aliwaita wanawake wanaookota kaa na chaza, akawauliza wanaona nini kifanyike, na miche ikapandwa na wao wenyewe, kwa ujira. Masika yalipopita, nusu ya miche ilikuwa imekufa, imefunikwa na tope.

Nilikuwepo siku hiyo, nimetumwa na gazeti. Mama mmoja wa makamo, kiongozi wa wenzake, alichota tope lile jekundu akamwonyesha ofisa. "Mwanangu, tope la kwetu ni jeusi. Hili linatoka kwenu milimani."

Ofisa alilisugua kwa vidole. Udongo ule aliujua tangu utotoni. "Ni kweli, mama," alisema. "Twendeni mkawaambie wenyewe."

Wiki mbili baadaye aliwaleta watatu kati yao Bigwa, nami nikafuatana nao. Hakuwapeleka kwa jirani. Aliwapeleka kwa baba yake mzazi, ambaye matuta yake ya kabichi yalifika hadi ukingoni mwa kijito kinachoingia Mto Ngerengere, nao Ngerengere ndio huingia Ruvu. Mzee alipoelezwa, alikasirika. "Kabichi hizi ndizo zilizokusomesha. Leo unaniletea wageni waje kunishitaki?" Binti alijua kwamba baba yake akikataa, hakuna mkulima mwingine mlimani atakayemsikiliza.

Yule mama wa pwani akasogea, akainama kidogo. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Hatujaja kukunyang'anya shamba. Tunaomba udongo wako ubaki kwako. Kwetu pwani udongo huo umetuzidi."

Mzee akacheka licha ya hasira zake. "Hata mimi naulilia kila masika ukisombwa," alisema, akamwagiza mkewe aandae chakula cha wageni. Kabla ya mvua zilizofuata aliacha ukingo wa kijito, akapanda miti na nyasi, na akakata ngazi kwenye mteremko ili udongo usishuke. Majirani waliokuja kumcheka walirudi kumuuliza anafanyaje.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa ofisini. Ofisa aliomba sehemu ya fungu la mikoko isaidie wakulima wa Uluguru, akajibiwa na wakubwa zake kuwa fedha za bahari haziwezi kupanda mlimani. "Tope linashuka bila kuomba kibali," aliwaambia. Walimwona mkaidi, wakamnyima cheo alichostahili. Hakuacha kuomba, na mwaka wa tatu wakakubali. Mikoko ilishika, kaa wakarudi, na wale wanawake wakawa wanauza mjini walichookota wenyewe.

Sisi wa Morogoro hujisifu kwa milima yetu kana kwamba tuliijenga. Mimi nitajisifu kwa mtu huyu, kwa sababu alilofanya lilikuwa hiari yake. Angeweza kusema tope si kazi yake, na barua za wakubwa wake zingemtetea. Tangu wakati ule nimeona miradi mingi ya umma ikifunguliwa kwa ngoma na kufa kimyakimya, na nimejifunza hivi: fedha ya umma huzaa pale anayeisimamia anapokubali kuulizwa na wale inaowahusu, hata kama jibu la swali lao limo shambani kwa baba yake.