Mabakuli ya Mheshimiwa Puckett

Kabla hajawa Mheshimiwa, Lucian Puckett alikuwa wakili wa mji mdogo wa Tansil, Alabama, akitetea mipaka ya mashamba na wezi wa nguruwe. Sheria aliijua kiasi. Kulia alijua sana. Wazee wa baraza walikuwa wakitoa leso kabla hajafika nusu ya maneno, na mteja akaenda zake nyumbani na nguruwe asiye wake.

Kipaji kama hicho kingeozea mahakamani. Akagombea ubunge wa jimbo, akashinda mara sita. Katika miaka ishirini na minne alipitisha sheria moja, ya kuliita daraja kwa jina la babu yake. Lakini msiba haukumpita. Maiti hajapoa, Mheshimiwa yuko mlangoni na chakula.

Mkewe Eudora alipofariki, wanawake wa Tansil walilijaza jiko lake mabakuli, kila moja limebandikwa jina la mwenyewe chini. Bakuli la msiba hurudi kwao, tena halirudi tupu. Kazi hiyo siku zote aliifanya Eudora. Mheshimiwa, aliyejua kila kifungu cha katiba kinachomnufaisha, hakujua kwamba bakuli lina chini. Akayapanga kabatini, akayasahau.

Miaka miwili baadaye, mwaka wa sabini na nne, alipata mpinzani wa kweli: Royce Tidmore, muuza mbolea, mtu asiyejua hata kulia. Puckett aliogopa. Akishindwa angebaki na nini? Nyumba isiyo na Eudora, na saa ya ukutani.

Wiki moja kabla ya kura akafa mzee Otis Stroud. Puckett alinunua kuku mgahawani, akamtia katika bakuli la buluu la kabatini, akampelekea mjane.

"Nimempika mwenyewe, Bi Vernelle, tangu alfajiri," alisema, machozi yakianza safari yake ya kawaida.

Vernelle aliliinua bakuli juu ya kichwa, akachungulia chini yake.

"Mheshimiwa, hili ni langu. Nimelitafuta miaka miwili. Nikadhani mdogo wangu alilichukua msibani kwako, na mpaka leo hatusemezani."

"Na langu la maua, je?" akauliza mwanamke mwingine aliyekuja kumpa mjane pole.

"Siku za mwizi arobaini," akasema wa tatu pale jikoni, bila kugeuka.

Puckett alilia. Hakuna aliyetoa leso.

Alishindwa vibaya. Kesho yake wanawake wale wale, ambao hawamwachi mtu peke yake msibani hata awe nani, walimjia na kuku, bamia na mkate wa mahindi. Akamshukuru kila mmoja, na safari hii machozi yalikuwa yake. Walipoondoka aliinua chombo kimoja baada ya kingine, akitafuta majina ili avirudishe.

Vyote vilikuwa sahani za karatasi.